Shangazi Hasemi Tafadhali

Ujumbe uliingia Ijumaa asubuhi. Fe'ao alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba anaosha viazi vikuu vya kupeleka sokoni, mimi nimekaa mlangoni namnyonyesha Lusia. Simu yake ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ikalia mara moja. Akafuta kidole kwenye kaptula, akasoma, kisha akasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani.

"Shangazi," akasema.

Kwetu neno hilo likitamkwa hivyo, peke yake, hakuna anayeuliza shangazi yupi. Fe'ao ana mmoja tu aliye hai, Meliame, dada mkubwa wa marehemu baba yake, na dada wa baba yuko juu ya kila mtu katika ukoo. Akitaka nguruwe, nguruwe anafungwa kamba. Akitaka mkeka uliofumwa miaka miwili, mkeka unakunjwa na kupelekwa. Jina la Lusia alilitoa yeye, mimi nikiwa bado wodini. Nililipenda kabla sijaulizwa kama nalipenda, maana sikuulizwa.

"Anasemaje?"

Alinipa simu kwa mikono miwili, utadhani ananipa kitu cha shangazi mwenyewe. Ujumbe ulikuwa hivi:

"Habari, ni mimi shangazi yako. Simu yangu imetumbukia majini, hii ndiyo namba yangu mpya. Samahani kwa usumbufu, nina dharura. Tafadhali nisaidie pesa yoyote uliyonayo kabla ya saa nane mchana, nitakurudishia wiki ijayo. Tuma kwa namba hii hii. Tafadhali usipige, siwezi kuongea."

Nikausoma mara mbili, huku nikiuzuia mkono wa Lusia aliyetaka kuilamba simu.

Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya tangi la maji. Ilikuwa ndani ya bati la biskuti, chini ya mchele: mavuno mawili ya viazi vikuu pamoja na keki za ndizi ninazouza nje ya shule. Tangu tuhamie nyumba hii tulikuwa tunakinga mvua kwa mapipa mawili. Mvua ikikata, nabeba ndoo kwenda kwa jirani, mtoto mgongoni, nguo zake za kufuliwa kichwani. Tangi tulishalichagua. Jumatatu tulikuwa twende kulilipia.

"Lete bati," akasema Fe'ao.

"Ngoja kwanza."

"Saane, nimesema ni shangazi."

"Ujumbe ndio umesema ni shangazi. Wewe umerudia tu."

"Sasa unataka nifanye nini? Nimpigie dada wa baba yangu nimwulize kama ni yeye? Nimwambie, shangazi, samahani, mke wangu anasema wewe ni mwizi?"

"Sijasema ni mwizi."

"Umefikiri kwa sauti kubwa."

"Piga namba yake ya zamani. Usimwulize chochote. Akipokea, msalimie, ukate."

Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Ikaita vilevile.

"Unaona? Iko majini."

"Fe'ao, simu iliyo majini haiiti."

Akafikiri. "Labda maji ni machache."

Nilimpenda mume wangu sana wakati ule, na nilitamani kumpiga na kiazi.

Jumanne na Alhamisi jioni huwa namwachia Fe'ao mtoto naenda darasani, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, kujifunza kompyuta na kazi za ofisi. Mwalimu wetu, Sulieti, alitumia jioni nzima kwa jumbe za namna hii. Alituambia mwizi wa kwenye simu hawajui ndugu zako na wala hahitaji kuwajua. Anaacha tundu katikati ya ujumbe, na wewe mwenyewe unatumbukiza humo jina la mtu unayempenda, au unayemwogopa. Kwa hiyo ukipata ujumbe, tafuta tundu. Nikatafuta. Meliame hayumo. Fe'ao hayumo. "Shangazi yako." Nani hapa kisiwani hana shangazi?

Na palikuwa na jambo jingine.

"Fe'ao. Shangazi amewahi kukuambia tafadhali?"

Nilimwona akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, akipekua.

"Nilipovunjika mkono," akasema hatimaye.

"Alisema tafadhali?"

"Alisema nyamaza."

"Haya."

"Ndiyo hicho kinachonitisha, Saane! Mtu ambaye hajasema tafadhali maisha yake yote, leo kasema mara mbili. Yuko wapi? Kimempata nini? Lete bati, jamani."

Hapo nikaona nimekosea kamba ya kuvuta. Neno lililonifanya mimi nishtuke ndilo lililomfanya yeye akimbie kutuma. Tena mimi nimeolewa tu katika ukoo huu, nimetoka kisiwa cha 'Eua ng'ambo ya mlango wa bahari, na mke wa mpwa hana mdomo katika mambo ya shangazi. Kazi yake ni kukuna nazi. Kama ningesema "usimpe," ningekuwa nimesema neno ambalo lingesimuliwa mpaka Lusia aolewe.

Kwa hiyo sikusema usimpe.

"Sawa," nikasema. "Tumpe. Tumpe zote. Ila niambie, tangu lini shangazi anarushiwa pesa kwenye simu kama vile tunalipa umeme?"

Mkono wake ukasimama.

"Ana dharura," akasema, lakini polepole.

"Ndiyo maana tunakwenda sasa hivi. Kwa miguu yetu, na chakula mkononi. Marehemu baba yako angemtumia dada yake pesa kupitia dirisha la wakala?"

Akatazama simu. Akatazama mkeka wake wa kiunoni, ule anaofunga mtu aendapo kwa wakubwa au msibani, uliotundikwa nyuma ya mlango. Alijua nimemshika, ila hakuweza kujua nimemshikia wapi.

"Vaa," nikasema.

Nikafunga kwenye majani ya ndizi chakula nilichokuwa nimepika cha mchana, majani ya magimbi yenye nyama ya kopo na tui zito la nazi, nikalitoa bati la biskuti na mchele wake juu. Tulipokuwa tunafungana mikeka viunoni, simu ikalia tena. "Mpendwa, umeshatuma?"

Nilimgeuzia simu tu, aone neno la kwanza.

"Mpendwa," akasoma Fe'ao. Akakaza fundo la mkeka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kolonga, kijijini kwa shangazi, si mbali, nusu saa kwa gari letu la viazi kama likiamua kwenda. Fe'ao aliendesha macho yakiwa barabarani. Nilijua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nakiwaza. Kitu kikishaletwa mbele ya shangazi, hakirudi kilikotoka. Ujanja wangu ulikuwa umeliokoa bati kutoka kwa mwizi na sasa ulikuwa unalibeba moja kwa moja hadi miguuni pa mtu pekee mwenye haki ya kulichukua lote na asimwambie mtu asante. Lusia alikuwa analigonga bati kwa kiganja, dum, dum, amefurahi.

Ujumbe wa tatu ulitukuta karibu na njia panda. "Usimwambie mtu yeyote."

"Jambo la shangazi lisiloambiwa mtu yeyote," nikasema, "mimi sijawahi kulisikia."

Pembe ya mdomo wa Fe'ao ikacheza kidogo. Kidogo sana.

Nyumbani kwa shangazi hapakuwa na mtu. Lakini tuliposimama uani tuliisikia sauti: nyundo za mbao, nyingi, zinagonga pamoja kama mvua nene juu ya bati. Wanawake wa Kolonga walikuwa ukumbini wanaponda magome ya kutengenezea kitambaa cha harusi. Fe'ao akanitazama. Mtu aliye katikati ya kelele ile hata tarumbeta ya malaika wa mwisho ingempita, sembuse simu.

Walikuwa kumi, wameketi pande mbili za gogo refu. Shangazi Meliame alikuwa mwanzo wa gogo, mnene, mweupe kichwa chote, nyundo inapanda na kushuka bila haraka. Na kwenye kizingiti cha dirisha nyuma yake ilikuwepo simu yake, kavu kama biskuti, inawakawaka taa.

Fe'ao hakuingia. Aliketi mlangoni, miguu ameikunja, kichwa chini. Mimi nikaketi nyuma yake na mtoto. Nyundo zikanyamaza moja moja.

"Nani amekufa?" akauliza shangazi.

"Hakuna, Shangazi."

"Umevaa mkeka siku ya Ijumaa, umekuja na chakula, na sura yako hiyo. Niambie tu. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, Shangazi. Tumekuja kuitikia ujumbe wako."

"Ujumbe gani?"

Fe'ao akaigeukia simu iliyokuwa mkononi mwangu. Nyuma ya gogo mama mmoja mwembamba akainua shingo. Huyo ni 'Uheina, rafiki wa shangazi tangu utotoni, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kumtania akabaki na meno yake.

"Usome, mke wa Fe'ao," akasema. "Tena kwa sauti. Masikio yetu yamejaa nyundo."

Nikamtazama shangazi. Akapandisha nyusi zote mbili, na kwetu hiyo ni ruhusa. Nikasoma.

"Habari, ni mimi shangazi yako. Simu yangu imetumbukia majini…"

Vichwa kumi vikageukia dirishani, vikarudi.

"Samahani kwa usumbufu, nina dharura…"

Mtu akakohoa.

"Tafadhali nisaidie…"

'Uheina akaiweka nyundo chini taratibu. "Rudia hapo."

"Tafadhali nisaidie pesa yoyote uliyonayo kabla ya saa nane mchana, nitakurudishia wiki ijayo."

Hapo gogo zima likalipuka. Mama mmoja alimwangukia mwenzake begani. Mwingine alikuwa anafuta machozi kwa gome.

"Arudishe!" 'Uheina alikuwa anapiga paja. "Meliame arudishe! Mimi ana sufuria yangu tangu mwaka wa kimbunga kile cha kwanza!"

"Kuna tafadhali nyingine mwishoni," nikasema.

"Mara mbili! Miaka arobaini nakaa naye kwenye gogo hili hajaniambia tafadhali hata moja, na mtu asiyejulikana kamwekea mbili mdomoni!"

Shangazi hakucheka. Alingoja mpaka wote wakamaliza, na hawakuchukua muda mrefu.

"Na wewe uliamini," akamwambia Fe'ao.

"Ndiyo, Shangazi."

"Uliamini kwamba mimi naomba."

Fe'ao alizidi kuinama. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Nilidhani umepatwa na kitu. Nilidhani kimekubana mpaka umeomba. Niliogopa."

Shangazi akaweka nyundo yake chini.

"Nipe hiyo simu. Namba yake si iko hapo? Namjibu. Namwambia aje achukue mwenyewe, niko ukumbini Kolonga, na asikose."

Wanawake wakasogea ili wasikose neno. Mkono wa shangazi ulikuwa umenyooshwa kwangu, umejaa unga wa magome.

Simu sikuitoa.

"Shangazi," nikasema, "usimjibu."

Niliona mgongo wa Fe'ao ukikakamaa mbele yangu.

"Ukimjibu atajua namba hii ina mtu ndani yake," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza. "Atamwuzia mwenzake, na huyo naye ataandika kesho. Watu hawa wanaandikia namba elfu kwa siku, hawajui ni ya nani. Tusipojibu, kwake ni shimo tupu. Tunaifungia namba, tunaupeleka ujumbe kwa watu wa simu, basi."

"Hata kumtukana kidogo?"

"Hata kidogo, Shangazi."

"Tusi moja. Fupi."

"Halafu utakuwa umemfundisha tusi."

'Uheina akaziba mdomo kwa viganja viwili. Shangazi aliuacha mkono wake hewani muda kidogo, kisha akaurudisha gotini.

"Haya mambo umeyatoa wapi?"

"Darasani. Naenda Jumanne na Alhamisi jioni."

"Na mtoto anakaa na nani?"

"Na Fe'ao."

"Huyu?" Akamwelekezea kidevu. "Anajua kufunga nepi?"

"Anajua. Anafunga nyuma mbele, lakini anafunga."

"Fanya hiyo kazi ya kufungia," akasema shangazi. "Hapa nilipo, nione."

Nikasogea mpaka pembeni yake, nikamwonyesha pa kubonyeza. Alitaka kubonyeza mwenyewe. Akabonyeza kwa nguvu, kama anayeua kiroboto. Nikapeleka ujumbe kwa kampuni ya simu, na hilo nalo akalisimamia.

Kisha akaagiza simu yake iteremshwe dirishani. Palikuwa na miito mitatu iliyokosa kupokelewa, miwili ya Fe'ao na mmoja kutoka Auckland, wa mpwa wake mwingine. Akauliza kama inawezekana kusema mara moja wote wasikie, wa hapa na wa ng'ambo. Nikamfungulia kundi la ukoo, nikashikilia kitufe, akasema:

"Ni mimi Meliame. Sauti mnaijua. Kuna mtu anazunguka kwenye simu anajiita shangazi. Nikitaka kitu chenu mtanisikia kwa sauti hii, na sitaomba radhi. Mkipata maandishi yanayoomba, si mimi. Na mkiwa na wasiwasi, pigeni. Anayepiga kuniuliza kama ni mimi hajanikosea heshima. Nimemaliza. Toa kidole."

Nikatoa kidole. Haikupita dakika mbili majibu yakaanza kuingia, na la kutoka Auckland ndilo lililotangulia: mpwa huyo naye alikuwa amepata ujumbe uleule, amesimama kwenye foleni ya kutuma pesa, akatoka.

Sasa likabaki bati.

Fe'ao alikuwa ameshalisukuma mbele yake, limevuka kizingiti, limefika kwenye sakafu ya ukumbi. Hakuna aliyelitaja mpaka hapo, na kila mtu alikuwa ameshaliona. Shangazi alilivuta kwa ncha ya nyundo, akalifungua, akapitisha vidole ndani ya mchele mpaka akagusa karatasi. Hakuhesabu.

"Hizi ndizo mlizokuwa mnamtumia?"

"Ni zako, Shangazi," akasema Fe'ao.

"Zilikuwa za nini kabla ya mwizi kuzitaka?"

"Ni zako, Shangazi."

"Nimekusikia. Sasa namwuliza huyu aliyeninyima tusi."

Lusia akaacha kunyonya, akanitazama. Nilifikiri kusema si kitu, ni akiba tu. Hivyo ndivyo anavyopaswa kusema mke wa mpwa. Lakini sikuwa nimesafiri nusu saa na ukweli mapajani ili nije kuumeza mlangoni.

"Za tangi la maji."

"Mnachota wapi?"

"Kwa Sifa, jirani."

"Yule mwenye mbwa?"

"Ndiye."

"Na huyu mgongoni?"

"Mgongoni, au namfunga mbele, kutegemea mbwa yuko upande gani."

Wanawake wengine walicheka. Shangazi alikuwa anamtazama Lusia, na Lusia, asiyejua cheo cha mtu, alikuwa anaivuta nyundo yake.

"Damu ya kaka yangu inaogeshwa kwa maji ya kuomba," akasema shangazi. "Na mimi nipo hai." Akageuka. "Fe'ao. Hizi ni zangu?"

"Zako, Shangazi."

"Zote?"

Akalitazama bati. "Zote."

"Basi nimenunua tangi. La kijani, yale meusi yanachemsha maji. Kwangu hakuna pa kuliweka, kwa hiyo litakaa kwenu, lakini ni langu. Utalijengea msingi wa saruji, si matofali yako yale ya kuegemeza. Nitakuja kulikagua, na nikija nisikute ndoo ya Sifa uani. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Akafunga kifuniko. Fe'ao akanyoosha mikono yote miwili apokee, lakini bati lilimpita juu ya kichwa, likaja kwangu.

"Shika wewe," akasema shangazi. "Huyu akipata ujumbe mwingine njiani atageuza gari."

Nikainamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye nywele za Lusia, na shangazi akajifanya hakuona, akauliza kama kile chakula tulikuja nacho ili kitazamwe. Kikafunguliwa, kikaliwa hapo hapo kwenye gogo kwa vidole vyenye unga wa magome, na 'Uheina akasema tui limekolea. Tulipoinuka kuondoka, nyundo zilishaanza tena.

Duka la vifaa hufunga saa kumi. Fe'ao aliendesha na mkeka wake kiunoni, hakukumbuka kuuvua. Lusia alilala. Mimi nilikuwa nimelikumbatia bati kwa mikono miwili, mchele unatikisika ndani yake kila tulipoingia shimoni.

"Saane. Ulijua atalirudisha?"

"Hapana."

"Sasa kama angelichukua?"

"Ningebaki na kiu," nikasema. "Lakini ningemjua aliyekunywa."

Alicheka mpaka akapitiliza njia ya dukani, ikabidi tugeuze.